Mambo Ikae Vile Iko

Jumanne jioni, Kiplombe. Mvua ilianza saa nane na mpaka sasa haijaamua kukoma. Nimeketi mezani na kikombe cha chai ambacho kimepoa.

Leo mlango wa hoteli ya Mama umefunguliwa. Tumeshinda. Rufaa ya mwenye nyumba ilitupwa Ijumaa, na leo akaleta funguo.

Nimelia kutoka mjini mpaka hapa.

Kwa aliyefika kwenye blogu hii leo, wacha nianze mwanzo. Mimi ni Jerotich, mwalimu wa Kiswahili shule ya msingi. Mama yangu ana hoteli mjini Eldoret, na nikisema hoteli simaanishi vitanda. Ni chumba kimoja nyuma ya maduka ya vitambaa, meza chache, mabenchi, na dirisha la kuuzia chai. Chapati, ndengu, ugali na mboga. Lakini watu hawakuja kwa ndengu, walikuja kwa mursik, yale maziwa yetu ya kulaza kwenye kibuyu yenye mkaa ndani, ya rangi ya kijivu, ambayo wageni huyaogopa mpaka wayaonje.

Vibuyu vyake alivipanga rafu ya juu, vimesimama wima, kila kimoja na kofia yake ya ngozi. Cha mwisho upande wa dirisha kilikuwa cha nyanya yangu, alimpa Mama siku alipoolewa. Maziwa ya kibuyu hicho hayakuuzwa hata siku moja. Yalikuwa ya mtu aliyefiwa, au mtoto wa jirani aliyepita mtihani, au mtu aliyeingia na uso wa kutokula tangu jana. Mama alikuwa na macho ya kuwajua.

Watu wa supermaketi hawajui kwamba kibuyu kinataka kazi. Kinaoshwa, kinasuguliwa na ufito, kinapakwa mkaa wa mti tunaouita senetwet, kinajazwa, kinamwagwa, kinaoshwa tena. Ukikiacha kikae tu, kinakufa. Na usifikiri utanunua kingine ukiweke mahali pake, kwa sababu kibuyu kipya kinakaa miaka kabla hakijaanza kutoa ladha ya maana.

Sasa jengo. Mwenyewe alikuwa mzee mmoja mpole ambaye alikubaliana na Mama kwa mdomo na kikombe cha chai. Hakukuwa na karatasi, na hakukuwa na shida. Mzee alipofariki, jengo likaenda kwa kijana wake anayeishi Elgon View, mtaa wa wenye pesa. Huyo kijana, akiwa wa shule ya msingi, alikuwa akishinda pale hotelini jioni akimngoja babake, na Mama alikuwa akimwekea kikombe chake. Alikuwa akimwita Mama, na mpaka leo anamwita Mama.

Ijumaa moja Mama alienda sokoni kuchukua mboga, akarudi, akakuta kufuli ya kijana mlangoni. Alitaka kuweka duka la simu.

Ndani vibuyu vilikuwa vimejazwa vyote. Kulikuwa na sherehe ya posa Jumamosi na wenyewe walikuwa wameagiza mursik.

Watu huniuliza kwenye maoni hii kesi inaendaje, na mimi mwenyewe nilikuwa sijui kitu, kwa hivyo nieleze. Kuna baraza la wapangaji wa biashara, sisi wote tunaliita tu tribunal. Kumbe mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi sheria inamlinda sana. Mwenye nyumba hawezi kumtoa kwa kufuli. Lazima ampe notisi ya maandishi, na mpangaji akipinga, wanaenda mbele ya baraza. Hapo nilicheka, nikamwambia Mama kile kikombe cha chai chake na mzee kilikuwa mkataba mzuri kuliko wa mawakili. Tukapeleka malalamiko wenyewe, bila wakili, tukasema ni ya dharura. Wiki iliyofuata tukaitwa.

Siku hizi kesi inasikizwa kwenye simu. Wao wako Nairobi, wewe uko kwako, unatumiwa linki. Niliegemeza simu yangu kwenye thamosi ya chai. Mama akavaa kofia ya kanisa na sweta ya mikutano, akaketi kama anapigwa picha ya kitambulisho. Mwenyekiti alipotokea, Mama akasimama. Kwenye skrini vikabaki vifungo vya sweta tu.

"Mama wa Eldoret, hatukuoni uso," karani akasema.

"Mama, keti," nikamvuta.

"Nitaketi aje na hakimu ameingia?"

Aki, hata mwenyekiti alicheka. Alikuwa na sauti nzuri, sauti ya mtu ambaye hana haraka. Akamuuliza Mama, kwa sasa, wakati tunangoja kesi isikizwe, unataka tukufanyie nini? Mama akavua kofia. Nakumbuka hiyo, alivua kofia kama anaomba.

"Mheshimiwa, mimi sitaki mambo makubwa. Nataka tu mambo ikae vile iko."

Karani akatafsiri kwa Kiingereza. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, akaandika hapo hapo. Wakili wa mwenye nyumba hakupinga hata kwa neno moja. Amri ikatoka siku ile ile. Sisi tukapiga vigelegele humu sebuleni, Mama akamimina chai ya thamosi iliyotumikia mahakama, na tukasema Mungu ni mwema.

Kesho yake tukaenda mjini na amri, pamoja na askari wa kutusaidia mlangoni. Askari akaisoma, akaisoma tena. Kisha akavua kofia yake na kumwangalia Mama kwa huruma.

"Mama, hii karatasi inasema hali ibaki vile ilikuwa siku ya amri. Sasa siku ya amri mlango ulikuwa aje?"

"Ulikuwa umefungwa," Mama akasema.

"Basi, Mama."

Wueh.

Mimi nafundisha lugha hii. Nimelala nikiigeuza hiyo sentensi ya Mama, nimeamka nikiigeuza. "Vile iko" ya kwetu inabeba kila kitu. Mama alimaanisha moshi wa asubuhi, foleni ya watu wa stendi, vibuyu juu ya rafu, yeye na aproni yake. Vile iko, vile imekuwa siku zote. Karani akaichukua kama ilivyotamkwa, akaipeleka Kiingereza, ikafika huko ikiwa kufuli. Na siwezi kumlaumu, kwa sababu ningeambiwa nitafsiri mimi, ningesema vile vile.

Tukatafuta wakili, msichana mwenye subira sana. Akatueleza mimi na ndugu yangu pembeni kwamba maneno yenyewe ya Mama ndiyo yaliyofunga mlango, na kuyafungua kunataka ombi lingine, ambalo litapangiwa siku yake. Tukakubaliana hatutamwambia Mama. Tutamwambia tu korti bado inaangalia. Mtu hawezi kubeba kufuli na lawama pamoja.

Ndipo nikajifunza neno kutajwa. Unaambiwa kesi itatajwa tarehe fulani. Unajiandaa, unafunga na kuomba, unanunua bando. Kumbe kutajwa ni kesi kuitwa jina ili ipewe siku nyingine ya kuitwa jina. Mama alivaa kofia kila mara. Wakili wa upande ule ni mgonjwa, itatajwa. Faili haionekani, itatajwa. Kisha muda wa mwenyekiti kazini ukaisha na serikali haikuteua mwingine haraka, na kila tukipiga simu tunaambiwa hakuna akidi, wanachama waliobaki hawatoshi kuketi. Mahindi yakapandwa, yakapaliliwa, yakavunwa, hakuna akidi. Wanaosema subira huvuta heri hawajawahi kungoja tribunal. Mimi nafuata wale wa ngoja ngoja huumiza matumbo.

Kila baada ya kutajwa Mama alikuwa na swali moja tu.

"Wameuliza juu ya vibuyu?"

Hakuna aliyewahi kuuliza. Kwenye karatasi za kesi vibuyu havikuwa vibuyu, viliandikwa vyombo.

Na hapa ndipo roho yangu inauma zaidi. Siku moja ya kutajwa, wakili wa mwenye nyumba alisema mteja wake hana ubaya, yule mama anaweza kuja kuchukua vitu vyake wakati wowote. Mama akarukaruka kwenye kiti. Wakili wetu akatupigia baadaye, akasema, Mama, sikiza vizuri. Ukitoa hata kijiko, watasema umehama. Aliyehama si mpangaji tena, na kesi itakufa.

Mama akalifikiria hilo Jumapili nzima. Hakwenda hata kanisani. Jioni akaniita jikoni.

"Nikitoa vibuyu nitaenda navyo wapi, Jero? Hapa nyumbani nitampa nani maziwa? Watu wangu wako kule." Akafunika sufuria. "Viache. Vijue nakuja."

Akaviacha.

Mama Halima, mwenye duka la vitambaa, amepakana na hoteli ukuta kwa ukuta. Wiki ya kwanza tu ya kufuli aliniita dukani kwake, akafunga mlango nyuma yangu. Akaniambia amekuwa akisikia kitu kinapasuka upande wa pili, pu, halafu kimya, halafu pu nyingine. Vilikuwa vifuniko vya vibuyu vikirushwa na maziwa yaliyochacha. Macho yake yalikuwa mekundu. Kwao pia wanawake hufukiza vyombo vya maziwa ya ngamia kwa moshi, hakuhitaji kuelezwa. Akasema, walahi, mama yako asijue. Hilo nalo nikalibeba.

Mwishowe wakateuliwa wanachama wengine wa tribunal. Kesi ikasikizwa asubuhi moja tu, na ikaisha kabla ya chai ya saa nne. Baada ya ile miaka ya kutajwa! Mwenyekiti mpya akasema uamuzi utatolewa kwa notisi. Maana yake hakuna tarehe, mtaitwa. Kuanzia hapo nikawa mtumwa wa simu. Nikiwa darasani ikitetemeka mfukoni, naangalia, ni watu wa mikopo.

Uamuzi ulikuja kwa barua pepe, siku ya mvua kama hii. Tumeshinda. Mama ni mpangaji halali, mlango ufunguliwe. Mama akaenda chumbani akatoka na kofia yake kichwani, wala hapakuwa na linki ya kufungua.

Halafu wakili akatueleza habari ya rufaa. Aliyeshindwa kwenye tribunal ana kama mwezi mmoja kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kijana akangoja mpaka siku za mwisho mwisho, akaenda. Akaomba pia uamuzi usitekelezwe mpaka rufaa isikizwe. Jaji akakubali. Na unajua aliandika nini? Hali ibaki ilivyo.

Nilidhani rufaa ni kesi kuanza upya, kwamba Mama ataulizwa tena na safari hii atasema vizuri. Hapana. Jaji haulizi mtu kitu, anasoma yaliyoandikwa kule chini na kusikiliza mawakili wakibishana juu yake. Kwa hivyo lazima kwanza kumbukumbu zote za tribunal zichapwe, zithibitishwe, zitumwe. Hiyo kuchapwa peke yake ilimaliza msimu mwingine wa mahindi.

"Kwani wanaandika na mkaa?" Mama akauliza, na huo ulikuwa utani wake wa mwisho kuhusu kesi.

Baada ya hapo aliacha kwenda mjini. Alikuwa akiketi hapo nje kwenye stuli, mikono juu ya magoti, anaangalia ng'ombe wa jirani. Siku moja nilipokuwa nikifua nguo zake nikainusa leso yake. Haikuwa na moshi. Tangu nizaliwe, mama yangu amenukia moshi wa senetwet, hata arusini, hata hospitalini. Nikakaa chini na hiyo leso kando ya karai.

Basi Ijumaa jaji akaitupa rufaa. Na leo tukaenda.

Akina mama wa kanisa walikuwa wamefika kabla yetu na mtungi wa maziwa mabichi, wameshaanza wimbo. Mama Halima alikuwa amefunga duka lake mchana kweupe. Wakili wetu alikuja, na yule askari wa kwanza pia, sijui ni nani alimwita. Mama alivaa aproni chini ya sweta. Niliiona ikichungulia na nikafurahi, nikasema leo ni leo.

Kijana akaja mwenyewe kutoka Elgon View. Nilikuwa nimemwandalia maneno, lakini alimpa Mama funguo kwa mikono miwili na kichwa chini.

"Mama, niliambiwa itachukua wiki mbili," akasema.

Mama akamshika bega tu, akapita. Akafungua kufuli.

Sitaandika harufu. Vikombe vilikuwa vimefudikizwa jinsi alivyoviacha. Ndengu ilikuwa unga wa wadudu. Kwenye rafu, vibuyu vingine vilikuwa vimelala, vifuniko viko chini sakafuni, matumbo yametobolewa tobotobo. Lakini kile cha nyanya kilikuwa kimesimama pale pale upande wa dirisha, kizima, kinang'aa hata chini ya vumbi. Nikasema asante Yesu, kwa sauti. Akina mama wakaanza vigelegele mlangoni.

Mama akapanda benchi, akakishusha kwa mikono miwili. Akakigeuza.

Upande wa ukutani kilikuwa kimepasuka kutoka mdomoni mpaka kitakoni.

Hakulia. Aliingiza pua ndani ya kibuyu, akavuta pumzi, akangoja, akavuta tena. Mimi ndiye niliyelia, mimi na Mama Halima, tumeshikana pale mlangoni. Nikamwambia Mama kuna wazee wanaoshona vibuyu, tutampata mmoja. Akasema, bila kuniangalia, kikishonwa kitabeba mbegu, maziwa hapana.

Akatoka nje na kibuyu kwapani. Akavuta mlango. Akachukua ile kufuli ya kijana, akaifunga yeye mwenyewe, na funguo akazirudisha mkononi mwa kijana.

"Mama, lakini ni yako sasa," wakili akasema. "Unaweza kuanza hata leo."

"Najua, mtoto wangu. Umefanya kazi nzuri." Akafunga vifungo vya sweta juu ya aproni. "Wacha ikae vile iko."

Mama akanigeukia mimi.

"Si hiyo ndiyo nilisema siku ya kwanza, Jero? Ulifikiri sijui? Yule askari aliniuliza mlango ulikuwa aje, na mimi si mtoto." Akakiweka kibuyu vizuri kwapani. "Nimesema mambo mingi kwa hii kesi. Hiyo moja tu ndiyo walisikia haraka."

Akina mama walibeba mtungi wao wa maziwa, na wimbo haukurudi.

Kumbe wakati wote ule sisi tunamficha yeye, yeye anatuficha sisi. Alivaa kofia kila siku ya kutajwa akijua. Aliketi pale kwenye stuli akijua.

Wakili ametuma ujumbe jioni hii. Anasema kijana bado ana siku chache za kutoa notisi ya kwenda Mahakama ya Rufani, akitaka. Anasema pia tunaweza kudai fidia ya vyombo, tupeleke ombi, litatajwa. Anangoja maagizo ya Mama. Sijamjibu. Mama yuko jikoni na kibuyu mapajani, anakisugua nje kwa kitambaa, polepole, upande ule mzima. Chai ameipika kwa maziwa ya paketi.

Kesho nina Gredi ya Sita asubuhi, na somo ni ngeli ya LI-YA. Jambo, mambo. Jambo likae, mambo yakae. Kila mwaka kuna mtoto anayesema mambo ikae vile iko, na darasa lote linacheka, na mimi namsahihisha.

Kesho akisema, nitamjibu nini?